Uji Kabla ya Dawa ya Usingizi

Mwanangu alikuwa na miaka minne alipoanza kuganda. Anakula vizuri, kijiko kiko hewani, mara macho yanabaki mahali pamoja, mdomo wazi, na ukimwita haitiki. Halafu anarudi na kuendelea kutafuna, hana habari. Mwanzoni mume wangu alisema tumezaa mwanafalsafa. Siku mtoto alipoganda kwenye ngazi za chekechea na kujigonga kichwa, utani ukaisha, tukaenda hospitali.

Wakati huo tulikaa Tensta, kitongoji kimoja huku Uswidi, na simu zilikuwa bado za vitufe. Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala moja huko Upplands Väsby na alitoka nyumbani kabla hatujaamka. Mimi nilihudumia wazee majumbani kwao Sundbyberg, nikiwafunga vifungo, nikiwachemshia kahawa na kusikiliza habari za magoti yao. Mama yangu alikuwa ametufikia kutoka kambi ya wakimbizi baada ya miaka mingi ya kungoja karatasi, na alikuwa hajamaliza hata majira yake ya kwanza ya baridi. Mtoto alimwita Koko, kama watoto wa kwetu Uvira, Kongo, wanavyowaita bibi zao. Koko alimsemesha Kiswahili, mtoto akamjibu kwa Kiswidi, na sikuwahi kuona watu wawili wanaoelewana kuliko wale.

Mama yangu si mtu wa kubembeleza kwa maneno. Sikumbuki aliwahi kuniambia ananipenda, na wala sikumbuki siku niliyolitilia shaka hilo. Mapenzi yake yalipitia kwenye kijiko. Kwenye duka dogo karibu na kituo cha treni alipata unga wa sosoma, ule wa soya, mtama na mahindi, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikanukia uji. Alimlisha mjukuu wake kwa mkono wake, mtoto wa miaka minne, mzima, mwenye meno yote. Walimu wa chekechea waliniita wakaniambia kwa upole kwamba binti yangu anakaa mezani na mdomo wazi akingoja. Nilicheka mbele yao, ingawa sikutakiwa kucheka.

Daktari alitaka picha ya ndani ya kichwa. Mashine yenyewe ni bomba kubwa lenye kelele, na mtoto anatakiwa alale ndani bila kutikisika hata kidogo. Hakuna mtoto wa miaka minne anayeweza hivyo, kwa hiyo wangempa dawa ya usingizi. Muuguzi alinipigia simu kunieleza: asile kitu tangu usiku, maziwa yasiguswe kabisa, asubuhi anaweza kunywa maji au juisi isiyo na nyama za matunda, na hata hiyo isikaribie saa ya dawa. Nikasema ja, ja, nimeelewa. Nikamgeukia mama yangu, nikamwambia siku ya picha mtoto asile chochote. Akasema, "Nimesikia."

Ningekuwa mtu makini ningelitafakari neno hilo. Mama yangu akisema amesikia, maana yake ni kwamba masikio yake yanafanya kazi. Hajasema amekubali.

Jumapili yake tulikuwa kanisani, kwenye ule ukumbi tunaoazimwa mchana na Waswidi, ambako Wakongo, Warundi, Wakenya na wengine wote tunakutana, na kila mmoja anakuja na Kiswahili chake. Niliwaambia akina mama watuombee. Mama mmoja wa Kitanzania akanipigapiga begani. "Ah, nusukaputi tu hiyo, shoga yangu, wala usihangaike." Mama yangu akaniuliza nusukaputi ni kitu gani. Nikamweleza kwamba ni dawa ya nguvu sana, mtu anachomwa sindano na hasikii tena chochote. Tukashika njia ya nyumbani. Niliona uso wake umekunjamana nikadhani ni upepo.

Siku yenyewe nilitayarisha mambo yangu kama mtu anayesafiri. Nilimpaka mtoto krimu ya ganzi kwenye mikono yote miwili, nikabandika plasta juu yake kama nilivyoelekezwa, ili sindano isimuume. Nikaingia bafuni. Nilipotoka, mama yangu na mtoto walikuwa wamekaa kwenye sofa tayari, makoti yamefungwa, wametulia tuli. Kwenye treni mtoto aliimba nyimbo za chekechea mstari hadi mstari. Nilimsifu mbele ya mama yangu: tazama mtoto shujaa, njaa hiyo na bado anaimba. Mama yangu alitazama dirishani. Nje kulikuwa na giza la handaki tu.

Hospitalini muuguzi wa kwanza aliuliza mtoto amekula lini mara ya mwisho. Nikamwambia jana jioni, wali na maharage. Yule aliyempima uzito akauliza tena. Nikajibu tena, wali na maharage, jana. Kisha akaja daktari wa dawa ya usingizi, mwanamke mrefu mwenye mvi fupi na viatu vya mpira, akachuchumaa, akamsalimia mtoto kwanza kabla yetu sisi, na baada ya maneno mawili matatu akauliza: mara ya mwisho amekula lini?

Mimi nina damu ya moto, na wanaonijua wanajua. Nikajiambia, hawa watu wanafikiri nini? Kwamba Kiswidi chetu hakifiki? Kwamba tunadanganya? Nikamjibu kwa kile Kiswidi changu cha kukata, ninachokitumia kwa watu wa ofisi ya nyumba, kwamba tumeshaulizwa na tumeshajibu.

Hakukasirika. Alisema anamwuliza kila mtu, hata madaktari wenzake wanapoleta watoto wao, na kama nitaruhusu, angependa kunieleza kwa nini. Akaweka kidole kwenye koo lake mwenyewe. Hapa kuna njia mbili, alisema, moja inaenda tumboni na nyingine inaenda kwenye mapafu. Tukiwa macho, kitu kikipotea njia tunakohoa, tunakitoa. Dawa yangu inalaza kila kitu, na hicho kikohozi pia kinalala. Kama tumboni kuna chakula na kikapanda juu, hakuna wa kukizuia. Kinaingia kwenye mapafu, na mtoto mdogo ana mapafu madogo, hewa yake inaisha haraka kuliko yako na yangu.

Mama yangu alinivuta mkono wa koti. "Anasema nini huyu mama?"

Nikamtafsiria, huku nikiwa bado na hasira, haraka haraka. Kwamba anauliza tena kama mtoto amekula. Kwamba mtu aliyelazwa na dawa hii hawezi kukohoa, na chakula kikipanda kinaingia kwenye mapafu, na mtoto anaweza kukosa pumzi na kufa.

Mama yangu alishika mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili. Daktari alimtazama mtoto na kumwuliza kwa sauti ya kirafiki kama leo amekula kitu chochote, na mtoto, ambaye kwa kawaida ana jibu la kila swali la dunia hii, akamtazama Koko wake. Kimya kile kingeweza kupita. Ningeweza kujibu mimi kwa mara ya nne, tukaendelea. Tayari nilikuwa nimefungua mdomo.

"Muambie mutoto amekula," alisema mama yangu.

"Amekula nini?"

"Buyi ya sosoma. Asubuhi, wewe ukiwa mu bafu. Buyi na maziwa, kikombe kizima. Nilimuambia asiseme."

"Mama! Sikukuambia?"

"Uliniambia, nilisikia. Lakini ulisema pia dawa ni ya nguvu." Hakuwa ananitazama mimi, alimtazama daktari, kana kwamba yule mama atamwelewa bila Kiswidi. "Nani anapatia mutoto dawa ya nguvu na njala? Kaka yako walimudunga kinini ya malaria na njala. Tulikuwa mu njia, tunakimbia vita, hatukuwa tumekula. Nilimufikisha kwa ile dispensaire, anachemka homa. Nikawaambia, mutoto hajakula, mungoje nimutafutie kitu. Wakasema hakuna wakati. Wakamudunga. Akatoka jasho, akalala, hakuamuka tena. Nikaapa kwa Mungu. Hakuna mutoto wangu atapewa tena dawa ya nguvu na tumbo mutupu."

Nilijua nilikuwa na kaka. Nilijua alifia njiani, kwa homa, nami nikiwa bado mgongoni. Kwetu nyumbani habari yake ilikuwa imefupishwa hivyo, maneno mawili matatu, na hakuna aliyeirefusha. Sikujua kwamba miaka yote hiyo mama yangu alikuwa na jibu lake kuhusu kilichomuua, wala sikujua kwamba vijiko vyote alivyonilazimisha kumeza kabla ya kila kidonge cha utoto wangu, mimi nikilia na kutema, vilitoka kwenye siku ile moja. Hasira yangu iliniishia papo hapo.

Daktari alingoja. Alikuwa anaona kwamba kuna jambo kubwa linapita na hakuliharakisha, na kwa hilo peke yake ningemshukuru mpaka leo. Nilimwambia kwanza kuhusu uji. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia muuguzi neno moja, na muuguzi akaanza kuzima mashine moja baada ya nyingine. Kisha nikamwambia habari ya kaka yangu. Sikuwa na sababu ya kumwambia. Nilitaka tu ajue kwamba mama yangu si mjinga.

Alivuta kiti akakaa mbele ya mama yangu, magoti yao yakikaribiana, akaniomba nitafsiri kila neno bila kuruka.

"Mwambie mama kwamba kinini inashusha sukari kwenye damu," alisema. "Mtoto mwenye homa ambaye hajala siku nyingi tayari hana sukari. Akipewa kinini bila chakula anaweza kutoka jasho, akalala na asiamke. Alichokiona yeye, alikiona sawasawa. Alikuwa na haki ya kuwaambia wangoje."

Nilitafsiri. Mama yangu alisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja. Sidhani kama kuna daktari aliyewahi kumwambia kwamba ana haki katika jambo lolote.

"Na mwambie," daktari aliendelea, "dawa yangu inataka kinyume chake. Hakuwa na njia ya kujua hilo. Lakini amesema, tena amesema kwa wakati. Kama angenyamaza sasa hivi, mimi ningemlaza mtoto huyu. Mwambie namshukuru."

Huyo daktari alimshika mkono mama yangu, akautikisa kwa heshima. Halafu akamwuliza mtoto kama uji ulikuwa mtamu. "Jättegott," alisema mtoto, mtamu kupita kiasi, na sote tukacheka isipokuwa Koko. Tukapewa siku nyingine. Picha inaweza kungoja, alisema daktari alipotusindikiza mlangoni, mapafu hayangojei.

Nisikuweke roho juu. Kichwani mwa mwanangu hawakukuta kitu kibaya. Ilikuwa aina ya kifafa chepesi cha utotoni, akapewa dawa ya maji ya kunywa, na kadiri alivyokua kule kuganda kukapungua, kisha kukaisha kabisa. Sasa hivi ananizidi urefu na anajifungia chumbani na muziki wake. Lakini haya ya picha hatukuyajua siku ile, na kwa kweli siku ile nilikuwa na jambo jingine la kunikosesha raha, nalo lilikuwa jikoni kwangu.

Mama yangu aliacha kumlisha mtoto.

Nilidhani mume wangu atagomba. Aliporudi kutoka kazini nikamweleza, akavuta pumzi, akavua viatu, akavipanga, akavipanga tena. Kwetu mkwe wa kiume hampandishii sauti mama mkwe. Hata kumkazia macho ni taabu. Kwa hiyo maneno yake alinipa mimi niyafikishe, na yalikuwa makali, kuhusu likizo niliyoipoteza bure na mtoto aliyenusurika kuuawa kwa uji. Niliyapokea na sikuyafikisha popote. Hakuna aliyemlaumu mama yangu mbele yake. Alijilaumu mwenyewe, na kazi hiyo aliifanya bila kupumzika.

Uji aliendelea kuupika, maana unga ulikuwepo. Lakini aliuweka mezani akausogeza mbele ya mtoto, akarudi nyuma, mikono kwenye kitenge. Mtoto alifungua mdomo akangoja, kama alivyozoea. Koko akasogeza kijiko upande wa mtoto. "Kula, mama. Kula peke yako." Mtoto akafunga mdomo, akanitazama, akala. Ndizi ikawa ya kuombewa ruhusa. Kipande cha mkate pia. Nikiwa kazini, nimemshika mzee wa watu chini ya kwapa nikimwinua kitini, simu inalia mfukoni, na ni mama yangu anauliza kama anaweza kumpa mtoto biskuti. Nikamwambia, mama, huhitaji kuniuliza. Kesho yake akauliza tena.

Walimu wa chekechea walifurahi sana. Binti yenu amepiga hatua, waliniambia, anakula mwenyewe sasa. Niliwashukuru, kisha nikavuta koti la mtoto kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Njiani mtoto akaniuliza kwa Kiswidi kama Koko amemkasirikia. Nikamwambia hapana, Koko anakupenda. "Basi mbona hanilishi?" aliuliza.

Jioni ile nilimfuata mama yangu jikoni, nikamwambia waziwazi. "Mama, mulishe tu mutoto. Daktari mwenyewe alikushukuru. Ulimwokoa."

"Nilimuokoa na kitu gani?" alisema. "Na kitu nilimupa mimi mwenyewe." Alikuwa anaosha sufuria iliyokwisha kuwa safi. "Nimeogopa hii mikono yangu, mwanangu. Mara ya kwanza hawakunisikiliza, mutoto akakufa. Sasa mara ya pili ni mimi sikusikiliza. Uniache tu kidogo."

Nilimwacha. Ningefanyaje? Sikuogopa tena mashine, wala sindano. Niliogopa kwamba mtoto akienda kulazwa na likampata jambo, hata dogo, hata lisilohusiana na uji, mama yangu hatagusa tena chakula cha mtu yeyote katika nyumba hii, na tutakuwa tumempoteza akiwa bado anaishi nasi. Nilisali kwa ajili ya mapafu ya mtoto na nilisali kwa ajili ya mikono ya bibi yake, na Mungu anajua ni kipi nilichokitaja kwanza.

Siku ya miadi ya pili mama yangu alikaa chumbani, mlango umefungwa, mpaka tulipokuwa tayari kutoka. Mimi mwenyewe nilimpa mtoto juisi ya tufaha, maji maji kabisa, na saa ilipofika nikamwaga iliyobaki. Hospitalini alikuwepo daktari yule yule wa viatu vya mpira. Aliuliza swali lake. Nilijibu bila damu kupanda, na alipomgeukia mama yangu kwa macho tu, mama yangu akajibu kabla sijatafsiri. "Nej. Ingenting." Hapana, hakuna kitu. Maneno hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi nyuma ya ule mlango.

Waliruhusu mzazi mmoja kuingia hadi mtoto alale. Chumba kilikuwa baridi na angavu. Walimwuliza anapenda wanyama gani, akaanza kumweleza muuguzi habari ndefu ya paka wa jirani yetu anayeshuka na kupanda kwa lifti. Sindano hata hakuitazama. Dawa yenyewe ni nyeupe kama maziwa, inapita kwenye mrija mwembamba, na paka alikuwa bado hajafika ghorofa yake wakati maneno yalipokwisha. Macho yakafumba nusu. Kichwa kikawa kizito kwenye mkono wangu.

Niliambiwa kabla kwamba pumzi yake itabadilika. Kuambiwa ni jambo moja. Ilikuwa fupi, ikakoroma kidogo, halafu ikanyamaza. Kifua kilijaribu kuinuka na hakuna hewa iliyoingia. Nilijua ni hewa haiingii kwa sababu sijawahi kusikiliza kitu kwa bidii namna ile. Yule muuguzi, mwanamke mfupi mnene ambaye hadi wakati huo nilidhani kazi yake ni kuongea na watoto habari za paka, aliweka vidole viwili chini ya taya ya mwanangu na kuiinua, polepole, kama mtu anayemwinua mtoto uso ili amfute pua. Hewa ikaingia. Niliisikia ikiingia. Kwa mkono mwingine akamwekea kikombe cha hewa ya oksijeni juu ya pua na mdomo, na hakuitazama mashine yenye namba, alitazama kifua. "Ulimi unarudi nyuma wakilala, ndiyo kawaida yao," alisema bila kugeuka. "Nimemshika."

Nilisimama nikashindwa kuondoka. Pumzi ya mwanangu ilikuwa kwenye vidole viwili vya mtu nisiyemjua jina, na vidole vile havikutetemeka. Nilitaka kumbusu mikono. Nilisema asante, nikasema tena, nikaongeza kwa Kiswahili kwa sababu Kiswidi hakikutosha, na wakanitoa nje taratibu kwa kunishika bega.

Mama yangu alikuwa amesimama ukutani, hakutaka kiti.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Nani anamuchunga?"

"Kuna mama mmoja amemshika kidevu."

"Wakati yote?"

"Wakati wote, mama."

Akafumba macho akaanza kumwombea yule mama kwa sauti ya chini: nyumba yake, watoto wake kama anao, mume wake kama anaye, miguu yake isichoke, mikono yake Mungu aibariki, huyu mushika-kidevu. Mwanamume aliyekuwa anangoja karibu yetu alikunja gazeti lake na kutulia mpaka tulipomaliza. Hakuelewa neno, lakini alitulia, nami nikampenda kwa hilo. Katika nchi hii nimekutana na watu wa ajabu wa kila aina, na nikihesabu vizuri, wengi wao walinifanyia wema wakaenda zao bila kungoja nishukuru.

Ilichukua muda mrefu. Nilikunywa kahawa mbaya. Hatimaye wakatuita chumba cha kuamkia.

Alikuwa amelazwa ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, kidole kimefungwa kile kitaa chekundu cha kupima oksijeni. Karibu na pua kulikuwa na mrija uliotoa hewa kwa sauti ndogo. Aliguna, akakohoa. Nilimgeukia muuguzi wa chumba kile, naye akatabasamu. Kikohozi ndicho tunachokitaka, alisema, kikohozi kimeamka. Nilimtafsiria mama yangu. Alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, mikono nyuma, kama mgeni aliyeonywa asiguse vitu vya watu.

Kikohozi kilikuja tena, kikavu, kizuri. Mtoto akafungua macho, yakatafuta huku na huku. Yakanipita mimi niliyemzaa, nikiwa nimeinama pale pale mbele yake, yakaenda hadi mwisho wa kitanda.

"Koko," alisema, sauti imekwaruza. "Jag är hungrig."

Ana njaa. Hilo halikuhitaji mkalimani. Mama yangu hakusogea. Muuguzi alimsikiliza mtoto kifua, mbele na mgongoni, akatazama namba zake, akamwinua kidogo kwa mito. Akatoka, akarudi na barafu ya kijiti, ya rangi ya chungwa, ambayo huwapa watoto wote wakiamka. Akanipa mimi kwa kuwa nilikuwa karibu.

Niliichana karatasi. Nikazunguka kitanda, nikamwekea mama yangu mkononi.

"Mulishe wewe."

"Wamekubali?"

"Wamekubali. Muulize."

Hakuuliza. Alimtazama muuguzi, na muuguzi, ambaye hakujua lolote kuhusu kinini wala uji wala njia ya kukimbia vita, alimwitikia kwa kichwa na kumsogezea kiti. Mama yangu akakaa. Aliishika bila kuisogeza hadi barafu ikaanza kudondoka kwenye shuka, na alipoona inadondoka akaweka kiganja kingine chini yake, kama alivyotufanyia sote, akaisogeza karibu.

Mtoto akafungua kinywa.